Shajara ya mradi: Siku moja ya kayaki mbele ya barafuto ya Aialik

11 Januari

Tumekubaliana. Julai hii kikundi chetu cha Waswahili wa Anchorage kitakwenda Seward, mji wa bandari, na kutoka hapo kitapiga kafi kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba, mbele ya barafuto (mto wa barafu unaoshuka polepole kutoka milimani) inayoishia baharini, chini ya kiongozi aliyeifanya kazi hiyo miaka. Njiani tutaangalia nyangumi, sili na ndege. Safari ni ya siku moja. Mimi nimepewa kuratibu, na shajara hii ni ya wenzetu wanaotaka kujua tumefikia wapi, na ya ndugu wengine walioko huku Alaska watakaotaka kupanga safari kama hii.

Wazo limetoka kwa Mzee wetu wa Moshi. Amekua akiiona barafu ya Kibo mawingu yakifunguka alfajiri, na anajua ilivyopungua: kati ya mwaka 1912 na miaka ya 2000, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro ilikwisha. Kikaoni alisema, "Ile ya kwetu niliitazama kwa mbali maisha yangu yote. Hii ya hapa nataka niikaribie kabla magoti hayajakataa." Hakuna aliyepinga.

Yanayotubana: wengi wetu hatujui kuogelea. Mdogo ana miaka 14, mkubwa 67. Wawili waliotoka Kivu hawajakishika Kiingereza sawasawa. Na fedha ni za kuchangishana. Kila uamuzi tutaupima kwa hayo, hasa la kwanza, maana maji ya huku hayana mzaha.

25 Januari

Leo tumejadili mahali. Tulikuwa na sehemu tatu mezani.

Ya kwanza ni Blackstone Bay, upande wa Whittier. Ni karibu, kama kilomita 100 kutoka Anchorage, ingawa unapita kwenye handaki la kilomita nne lenye njia moja tu, ambalo magari na treni hupokezana zamu. Ghuba yenyewe imekingwa, haina mawimbi ya bahari kuu, na ina barafuto zinazogusa maji. Kwa kundi la wageni wa kayaki ni mahali pazuri sana, na mtu mwenye watoto wadogo ningempeleka huko bila kusita. Tulichokosa ni wanyama wa njiani, ambao ni nusu ya sababu yetu ya kwenda.

Ya pili ni ziwa lililo mbele ya Bear Glacier, si mbali na Seward. Picha zake zinavutia kuliko zote: vipande vya barafu vya bluu vikubwa kama nyumba, na kayaki zinapita katikati. Lakini vipande hivyo hupinduka bila kutoa taarifa, na juu ya barafuto kuna ziwa lililozuiwa na barafu ambalo mara nyingine hufumuka na kumwaga maji yake yote chini. Kwa watu wasiojua kuogelea nimepinga, na nimeeleza kwa nini. Vijana hawakufurahi. Sitabadili msimamo.

Ya tatu ni ghuba ya Aialik, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kenai Fjords, iliyoanzishwa mwaka 1980. Juu ya milima yake imetandazwa barafu ya Harding, eneo la kilomita za mraba 1,800 hivi, kubwa kuliko kisiwa cha Unguja, na kutoka humo hushuka barafuto karibu 40. Ile ya Aialik ndiyo kubwa zaidi katika ghuba hiyo. Uso wake una upana wa takriban kilomita moja na nusu. Ukikaa mbele yake utasikia mlio kama radi kabla hujaona kipande kikidondoka.

Tatizo ni Rasi ya Aialik. Ili kuingia ghubani, boti lazima izunguke rasi hiyo, na pale unakutana na Ghuba ya Alaska waziwazi, mawimbi yanatoka mbali bila kizuizi. Hapo ndipo watu hutapika, na hapo ndipo nahodha huamua kurudi.

Tumeichagua Aialik kwa sharti moja: mpango wa pili uandikwe tangu mwanzo. Rasi ikifungwa na mawimbi, tutapiga kafi ndani ya Resurrection Bay, ghuba ya Seward yenyewe, na siku hiyo tutaihesabu kuwa imekamilika. Nimewaomba wote wakubali hilo kwa mdomo wao mbele ya kikao, mmoja mmoja, na wamekubali. Sitaki asubuhi ya safari mtu amsukume nahodha kwa sababu ametoa hela yake.

Jambo ambalo sitaki lipotee: pwani hii ina wenyewe. Ni nchi ya Wasugpiaq, waliovuka maji haya kwa kayaki za mbao zilizovikwa ngozi za wanyama wa baharini, muda mrefu kabla ya Warusi kufika kutafuta manyoya na kabla Marekani haijainunua Alaska mwaka 1867. Wajukuu wao wako Nanwalek, Port Graham na Seward kwenyewe. Nimeomba kiongozi atusimulie habari zao tukiwa huko, naye ameitikia.

8 Februari

Tarehe: 18 Julai, Jumamosi.

Mei na Juni tumeziacha kwa ajili ya sili, ambao huzaa kipindi hicho juu ya vipande vya barafu mbele ya barafuto. Agosti na Septemba mvua huzidi. Katikati ya Julai mchana bado ni mrefu, giza halituharakishi, nyangumi wapo, na pafini, wale ndege wenye midomo ya rangi, bado wako kwenye viota vyao majabalini.

1 Machi

Nimezungumza na waendeshaji kadhaa kwa simu. Bei ya Aialik kwa siku nzima, pamoja na boti ya kutupeleka na kuturudisha, ni zaidi ya dola 400 kwa kichwa. Ni pesa nyingi kwa mtu anayefanya kazi ya zamu kiwandani au hospitalini, ndiyo maana tumeanza mchezo: kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa, na zinalipiwa nafasi kwa zamu. Mama mmoja wa Uvira ndiye mweka hazina. Daftari lake halina kosa.

Maswali niliyowauliza wote yalikuwa yaleyale, na nayaandika hapa kwa sababu majibu yalitofautiana mno. Kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? Kayaki ni za watu wawili au mmoja? (Kwa wageni nataka za wawili, kwa kuwa ni pana na hazipinduki ovyo.) Mnatoa suti isiyopenyeza maji, au koti la mvua na mabuti tu? Redio ya baharini iko kwa kiongozi, au imebaki kwenye boti? Boti inatusubiri ghubani, au inatuacha na kurudi jioni? Nani anaamua kugeuza, na mmeshawahi kugeuza?

Swali la mwisho ndilo lililoamua. Mmoja alinijibu kwamba wao hufika kila siku. Mwingine alinieleza taratibu jinsi wanavyosoma utabiri wa bahari jioni, wanavyousoma tena alfajiri, na kwamba kila msimu kuna siku wanazogeuza. Tumelipa arubuni kwa huyu wa pili. Yeye pia ndiye anayetoa suti.

Wazee wawili na mama mjamzito hawatapiga kafi. Siku hiyohiyo watapanda meli kubwa ya utalii, ya saa sita hivi, yenye vyoo, joto na viti vya dirishani. Wataona wanyama kama sisi, pengine kuliko sisi. Mzee wa Moshi nilimshauri apande nao. Alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, ni nani aliyeleta hoja hii?" Atakaa kiti cha mbele cha kayaki, mwenye nguvu nyuma yake, daktari wake akishaandika barua.

22 Machi

Tumesubiri Idi ipite, leo tumeingia bwawani. Tulikodi saa mbili kwenye bwawa la ndani hapa mjini, na mwalimu wa kayaki akaja na kayaki mbili, kafi, jaketi okozi na sketi zake. Sketi ni kitambaa kizito cha mpira unachovaa kiunoni, kisha unauzungusha ukingo wake kwenye tundu unalokalia ili maji yasiingie. Mbele ina kitanzi. Kitanzi hicho lazima kibaki nje. Kikijikunja ndani, mtu akipinduka atakuwa amefungwa humo.

Mwalimu alituketisha kando ya bwawa na kutueleza hesabu ya maji baridi: dakika moja, dakika kumi, saa moja. Ukitumbukia, dakika ya kwanza ni ya kutawala pumzi, maana mwili hushtuka na kutaka kuhema ovyo, na ukihema maji ndio mwisho. Dakika kumi zinazofuata ndizo ambazo vidole vyako bado vinatii. Humo ndimo unapanda kayaki au kushika kamba. Saa moja ndiyo inayokadiriwa kabla baridi haijakuzimisha fahamu, na hiyo ni kwa aliyevaa jaketi, maana asiyevaa huzama mapema zaidi. Watu wengi hudhani baridi huua polepole, kumbe hatari kubwa ni ile dakika ya kwanza.

Kaka mmoja alivua ndagala usiku katika Ziwa Tanganyika tangu utotoni, na hakuna kati yetu anayeshika kafi kama yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ukweli: kwao akianguka majini anapanda tena mtumbwi huku akicheka, maji yana nyuzi 25. Mbele ya barafuto ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Tangu hapo yeye ndiye anayewakumbusha wengine kufunga jaketi.

Kisha zoezi. Mwalimu anaipindua kayaki, wewe unabaki kichwa chini, unainamia mbele, unatafuta kitanzi kwa mikono miwili, unakivuta kwa mbele halafu juu, unasukuma nyonga, unatoka. Dada mmoja wa Mombasa alitoka mara ya kwanza kabla hata mwalimu hajamgusa. Binti wa miaka 14 alikataa, akakaa pembeni akiangalia karibu saa nzima, kisha akaja mwenyewe na kusema yuko tayari. Alipotokeza juu ya maji ukumbi mzima ulipiga vigelegele.

Tumejifunza pia jambo ambalo halipo kwenye maelekezo yoyote niliyosoma. Suti isiyopenyeza maji ina mpira mwembamba shingoni unaopaswa kugusa ngozi. Kitambaa chochote kikipita chini yake, maji yanapata njia. Kwa hiyo dada zetu wanaovaa hijabu waivae juu ya mpira, nje ya suti, iwe ya kitambaa chepesi kinachobana, kisha kofia ya sufu juu yake. Suti yenyewe inafunika mwili wote, nao wamelipenda hilo.

19 Aprili

Tumepanga wawili wawili. Kanuni: kila kayaki iwe na mtu anayemwelewa kiongozi, na mwenye nguvu akae nyuma kwenye usukani wa miguu. Amri za kiongozi nimeziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja: simama, piga mbele, piga nyuma, kusanyikeni, elekeza pua kwenye wimbi. Hiyo ya mwisho tumeirudia mara nyingi. Kipande kikubwa kikidondoka, wimbi huja, na kayaki iliyokaa ubavu ndiyo inayopinduka. Pia kiongozi ataonyesha ishara kwa kafi, kwa kuwa sauti haifiki mbali barafu inapopasuka.

10 Mei

Kikao cha wanyama. Nilitaka kiwe kifupi, kikawa kirefu kuliko vyote, na nashukuru.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inawalinda mamalia wote wa baharini: huruhusiwi kuwasumbua, achilia mbali kuwagusa. Kwa nyangumi wa nundu hapa Alaska umbali ni yadi 100, yaani mita 91. Kwa sili walio juu ya barafu, mwongozo ni yadi 500, karibu nusu kilomita. Vijana walilalamika: nusu kilomita utaona nini? Utaona sili aliyetulia, ukiwa na darubini. Ukisogea zaidi utaona maji tu, kwa sababu atakuwa ameruka. Mtoto wa sili ananyonya na kupumzika juu ya barafu. Kila anaporushwa majini anapoteza joto na mafuta aliyoyakusanya, na akitengana na mama yake huenda asimpate tena. Kayaki nayo, ingawa haina injini, huwashtua sili kuliko watu wanavyofikiri, maana inakuja chini na kimyakimya kama mnyama anayewinda. Katika ghuba ya Aialik sili walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1980 na 2002. Nilipotaja hilo manung'uniko yalikoma.

Darubini tunazo nne za kuazima. Zinatosha, moja kwa kila kayaki mbili.

Dada wa Mombasa aliuliza kama nyangumi hawa ndio wale wanaopita Watamu. Aina ni moja, safari ni mbili. Wale wa kwetu hutoka bahari za kusini, upande wa Antaktika, na kufika pwani ya Kenya na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba kuzaa kwenye maji ya joto. Hawa wa Alaska wengi wao huzalia Hawaii, kisha hupanda huku majira ya joto kula. Kwa hiyo Julai tutawakuta wakila, wakati wenzao wa kusini wako Watamu na watoto.

7 Juni

Tumetoka Seward kukagua, gari moja. Kilomita 204 kutoka Anchorage, mwendo wa saa mbili na nusu kama husimami, lakini utasimama.

Tulipitia kwanza Exit Glacier, ambayo unaifikia kwa barabara. Njiani kuna vibao vyenye miaka, kila kimoja kikionyesha ukingo wa barafu ulipokuwa mwaka huo. Unapita kibao, unatembea msituni, unapita kingine, barafu bado huioni. Rais Obama alitembea njia hii Septemba 2015 kuwaonyesha watu jambo hilohilo. Mzee wa Moshi alisimama kwenye kila kibao. Hakusema kitu, na sisi hatukumharakisha.

Bandarini fisi-maji wa baharini alikuwa akielea chali katikati ya boti, amepasua kome juu ya kifua chake, anakula, anajiviringisha mara moja kuosha makombo, anaendelea. Manyoya yake ni mazito kuliko ya mnyama mwingine yeyote, hadi nywele milioni moja kwenye inchi moja ya mraba, na ndiyo yaliyomponza: aliwindwa karibu amalizike, hadi mkataba wa mwaka 1911. Mwaka 1989 mafuta ya meli Exxon Valdez yakafika pwani hii, yakaua maelfu. Kituo cha Alaska SeaLife Center, kilichofunguliwa hapa mwaka 1998, kilijengwa kwa sehemu na fedha za fidia ya mafuta hayo. Wazee wetu tutawapeleka humo kama meli yao haitatoka.

Kisha tulipiga kafi kwa muda wa saa tatu na kiongozi kutoka Lowell Point, nje kidogo ya Seward, bei chini ya theluthi ya ile ya Aialik. Mwanzoni maji yalilala kabisa. Ilipofika saa nane upepo ulianza kupanda kutoka baharini, na kurudi kulikuwa kazi. Kiongozi alisema siku za jua ndivyo ilivyo hapa. Basi kama mpango wa pili utatumika, tutaanza mapema na kurudi kabla ya upepo.

28 Juni

Chakula: chapati za kuviringisha mayai, viazi vya kuchemsha, ndizi, chai ya tangawizi kwenye chupa. Hakuna nyama choma, hakuna samaki. Fukwe za Aialik zina dubu weusi wengi, na kila chenye harufu kitakaa kwenye pipa lisilofunguliwa na dubu hadi dakika ya kula. Makombo yote yanarudi nasi.

Vidonge vya kichefuchefu vinamezwa usiku wa kuamkia safari na tena alfajiri, si ukishaanza kutapika. Mama mjamzito amepewa maelekezo yake na daktari.

Adhuhuri siku hiyo itaingia baada ya saa nane mchana kwa saa za huku, wakati tutakapokuwa ufukweni tukila. Wenye kusali watasali hapohapo, sisi wengine tutakaa na kayaki. Na kayaki zivutwe juu kweli. Tarehe 18 bado tutakuwa ndani ya bamvua, maji yanapanda kwa zaidi ya mita tatu, na wimbi la barafu iliyodondoka hufika ufukweni likiwa na nguvu za kubeba kilichoachwa ukingoni.

12 Julai

Fedha zimekamilika, mama mweka hazina amefunga daftari. Barua ya daktari wa Mzee imefika. Suti zimepimwa, isipokuwa ya kaka wa Tanganyika, ambaye mabega yake yamekataa saizi iliyokuwepo. Mwendeshaji ameahidi kubwa zaidi.

Tunaondoka Ijumaa jioni kwa magari matatu na kulala Seward. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko gatini kwa maelekezo, saa moja boti inang'oa. Utabiri wa leo unaonyesha mawimbi ya wastani nje ya rasi, lakini siku sita ni mbali mno kwa bahari hii. Nitausoma tena Alhamisi, na usiku wa Ijumaa pamoja na nahodha. Neno la mwisho ni lake. Akisema Aialik, twende. Akisema Resurrection Bay, kayaki zitaingia majini Lowell Point saa mbili asubuhi, na kiongozi ameshajua.

Bado hatujapata mtu wa kuchukua picha kutoka kwenye meli ya wazee. Anayeweza, anipigie kabla ya Jumatano.